Ng'ombe wa Kundi la Kwanza

Mwaka ambao binti yangu alimaliza darasa la saba, mimi na mume wangu tuligundua kwamba sisi ni matajiri. Tuligundua kwa meseji. Ilinikuta napepeta maharage, ikasema familia yetu imepangwa kundi la kwanza, na kwamba ada kamili ilipwe kabla ya shule kufunguliwa, la sivyo nafasi atapewa mtoto mwingine. Nilimsomea mume wangu, ambaye hakusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna salamu. Nikamwambia hakuna.

Ngoja nieleze hayo makundi, maana watu huyasikia vibaya. Nje kidogo ya Katesh kuna sekondari binafsi yenye bweni. Baada ya matope ya mlimani kushuka Jorodom na kuingia mjini, wazazi wengi wa mjini walibaki na watoto wa kusomesha lakini hawakubaki na maduka, na shule ikabaki na madawati lakini haikubaki na wanafunzi. Wakakaa, wakaamua kila familia ilipe kulingana na kipato chake. Kundi la kwanza wanalipa ada yote. La pili na la tatu wanapunguziwa. La nne wanalipa kidogo kabisa na wanaongeza mahindi na maharage kila muhula. Lilikuwa wazo zuri, na hata leo nitagombana na anayelisema vibaya. Mtoto wa mwenye lori na mtoto wa mwenye mbuzi watatu wanakaa dawati moja na kula ugali mmoja, na hakuna anayejua nani amelipa nini. Hilo la mwisho halikuwa kweli sana, kwa sababu kundi la nne walishusha gunia lao getini mchana kweupe, na gunia la mahindi haliingii mfukoni.

Sekondari ya kata tunayo, haina ada, na sina ugomvi nayo. Ila ni mbali na haina bweni la wasichana. Kwa hiyo watoto wanapanga vyumba kule senta, wasichana wa miaka kumi na tatu, kila mmoja na jiko lake la mkaa na ufunguo wake shingoni. Binti wa shemeji yangu alipanga. Alirudi nyumbani akiwa kidato cha pili, na mimba, na mwenye mimba hajulikani mpaka leo ingawa wote tunamjua na ananisalimia vizuri tu. Niliapa kwamba wangu hatapanga. Nilitaka bweni lenye geti na matroni mwenye roho mbaya. Ada ya kundi la nne tungeiweza kwa kuku na maharage yangu. Ya kundi la tatu tungeiweza kwa kufunga mkanda. Ya kwanza tusingeiweza hata tukijiuza wenyewe, maana nani angetununua. Kila kitu kilikuwa kwenye kundi.

Mimi ni mtu wa juu, Mbulu, kwenye baridi na vitunguu saumu. Ndoa ndiyo iliyonishusha huku Dirma kwenye joto na ng'ombe. Kwetu juu, mtu akiulizwa hali anaanza na mgongo, anapita kwenye bei ya mbolea, anamalizia na mume. Mume wangu akiulizwa hali anasema nzuri. Alisema nzuri hata siku alipobebwa kwenda zahanati na malaria, na mganga alitaka kumrudisha.

Sasa, zizi letu lilikuwa limejaa. Mgeni akifika alisema, hapa kuna mtu. Lakini ng'ombe wetu hasa walikuwa saba, vikongwe na ndama, wasiouzika wala kujaza kibuyu. Wengine waliletwa. Desturi hiyo ipo huku bondeni na ipo hata kwetu juu: mwenye ng'ombe hawaweki wote mahali pamoja, anawagawa kwa watu anaowaamini. Ugonjwa ukipita hauwamalizi, na ndugu waombaji wakipita hawawaoni. Anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi, na siku moja moja anaachiwa ndama. Malipo yake ni kufunga mdomo. Hasemi ni wa nani, wala hasemi kwamba si wake. Akisema, wanaondolewa kabla umande haujakauka, na hakuna atakayemletea tena mpaka anakufa. Mimi niliyewakamua kila asubuhi sikujua mwenye wale ng'ombe ni nani. Niliuliza mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, nikajibiwa kwamba mvua inakuja.

Tangazo lilitolewa kanisani, baada ya ibada, kwamba shule itapita nyumba kwa nyumba kuangalia hali za familia zilizoomba nafasi. Wiki ile umaskini uliingia kijijini kwetu kwa kasi ambayo sijaiona tena. Paneli za sola zilishuka kwenye mabati. Pikipiki ya jirani mmoja ililala kwenye banda la kuku, imefunikwa mabua. Mwingine alihamishia makochi yake kwa mama mkwe, halafu mama mkwe akagoma kuyarudisha, na kesi ile bado ipo. Jirani wa tatu aliazima mgonjwa. Nasema kweli, aliazima babu wa ukoo mwingine, akamlaza sebuleni, na babu akaomba alipwe kwa supu.

Mimi nilimwomba mume wangu kitu kidogo tu. Siku hiyo awapeleke ng'ombe mbali, upande wa Basotu, warudi jioni.

"Mgeni akute zizi tupu?" aliniuliza. "Atasema nini?"

"Atasema kundi la nne."

"Atasema nimefilisika."

Siku ya siku aliwazuia ng'ombe wote nyumbani. Akavaa shuka jipya. Nilimwangalia, nikakumbuka kwamba mama yangu alinionya juu ya wanaume wa bondeni, lakini alinionya juu ya mambo mengine kabisa.

Wakaja wawili. Mmoja alikuwa mhasibu wa shule, kijana wa mjini mwenye viatu vilivyochongoka. Wa pili alikuwa mwakilishi wa wazazi kwenye kamati ya ada, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Katesh. Tulimjua kwa mbali kama kila mtu anavyomjua. Alikuwa na mtoto kidato cha tatu hapo hapo shuleni, na gunia la mtoto huyo lilishushwa kila muhula kutoka kwenye pikapu ya baba yake. Inasemekana aliieleza kamati kwamba duka lote ni la mkopo. Kamati ilimwamini, kwa kuwa na yeye alikuwa kwenye kamati.

Mhasibu alianza kuhesabu ng'ombe kwa kuwanyooshea kalamu, mmoja mmoja, kwa sauti. Huku kwetu ng'ombe hawahesabiwi hivyo. Mume wangu akageuka, akawa anaangalia mlima Hanang kama mtu aliyeuona leo. Kijana alipomaliza akauliza, "Mzee, hawa wote ni wako?"

"Wako zizini kwangu," mume wangu alisema.

Kijana akaandika. Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniangalia, nikaufunga. Nilikuwa na watoto wadogo wawili ndani ambao chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa ya ng'ombe wale wale.

Wakati wa kutoka, maksai mmoja mwekundu aliyevunjika pembe alimfuata mhasibu kwa nyuma na kumpumulia shingoni. Kijana aliruka, kalamu ikaanguka kwenye mavi. Yule mzee wa duka hata hakugeuka. "Huyo hana neno," alisema, "anatafuta chumvi tu." Akampiga maksai kofi la kirafiki kwenye paja, naye akatulia. Nikawapa maziwa kwenye chupa, wakanywa, wakashukuru, wakaondoka.

Asubuhi yake nilikuwa nakamua, mume wangu ameshika ndama.

"Yule mzee amejuaje kwamba maksai wetu anapenda chumvi?"

"Ng'ombe wote wanapenda chumvi."

"Amejuaje kwamba hapigi?"

"Kamua, mama."

Nikakamua. Nilikamua kwa hasira mpaka ng'ombe mwenyewe akageuka kuniangalia. Nilikuwa nimeelewa. Mwenye mali alikuja nyumbani kwangu, akasimama kando wakati mali yake inahesabiwa, akaiacha iandikwe jina letu, akanywa na maziwa yake mwenyewe. Asingeweza kusema ni yake. Mtu wa kundi la nne hana mali kama ile.

Halafu ndiyo ikaja ile meseji.

Nilitaka kwenda Katesh siku hiyo hiyo, nisimame katikati ya duka lake, kwenye misumari na mabati, niseme kwa sauti ya juu mbele ya wateja. Nilishajifunga kitenge. Mume wangu alisema, bila ukali wowote, "Ukienda kusema hilo, wewe ndiye utakuwa umenifilisi." Nikamuuliza kati ya mdomo wake na mtoto wake anachagua nini. Aliyejibu ni binti yetu, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Mama, acha. Nitapanga tu," alisema. "Nitakuwa nafunga mlango mapema."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetutoa kwenye shida. Iliniuma kuliko kitu chochote mwaka ule. Nilivua kitenge, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, nikamchukia mume wangu vizuri kwa muda mrefu.

Alikuja baadaye, akasimama mbali kidogo. Akasema amesikia shule inapokea rufaa. Twende wote watatu. "Lakini mdomo wangu ni wangu," akaongeza. Nilimwambia sijawahi kuuona ukiwa wa mtu mwingine.

Tulienda kwa bodaboda mbili. Binti alikaa nje kwenye benchi, sisi tukaingia ofisini. Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, mtu wa kusikiliza hasa. Wanafunzi humwita Madam, na sisi tukamwita hivyo. Kulia kwake alikaa mhasibu. Kushoto alikaa mzee wa duka, amevaa koti. Mume wangu alimwamkia shikamoo, na mzee akaitikia marahaba akiangalia kalenda ukutani.

"Baba," Madam alianza, "mmelalamika mmepangwa juu mno. Lakini ukaguzi unasema zizi limejaa. Nisaidieni nielewe. Ng'ombe ni wenu au si wenu?"

Maneno yalinijaa mdomoni, nikauma shavu kwa ndani.

"Madam," mume wangu alisema, "waliokuja kuwaangalia ni hawa wawili. Wameandika ni wangu. Huyu mzee ni mtu mzima, ananizidi umri. Siwezi kumwambia kwamba hakuona vizuri."

"Kwa hiyo ni wako."

"Wameandika hivyo."

Madam alipumua. Naamini alikuwa ameshakutana na wazazi wa kila aina wiki ile, waliozika ndugu walio hai na waliougua wakiwa wazima, lakini mzazi wa kukataa kuwa maskini hakuwa amemtegemea. "Basi baba yangu," alisema, "mtu akiwa na ng'ombe kiasi hicho si anauza mmoja, mtoto anasoma? Ng'ombe ni wa kuangalia tu?"

"Ni kweli," mume wangu alisema. "Nitauza."

Niligeuka kumwangalia. Kusema siri ya ng'ombe wa kutunza ni aibu, lakini kumuuza ni wizi, na kwa wizi huo watu huku bondeni wameshauana. Nilidhani ameumwa ghafla.

Akamgeukia mzee wa duka kwa heshima zote. "Mzee wangu, wewe umewaona wale ng'ombe. Mimi sijasoma, naweza kukosea. Nishauri. Niuze yupi?"

Nje wanafunzi walikuwa wanafagia. Mzee alitoa leso, akafuta paji la uso, akairudisha, akaitoa tena. Mtu mwingine angesema uza yeyote unayemtaka. Lakini yeye alikuwa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe hawezi kutoa neno hilo kinywani. Angewezaje? Angeuziwa bora wa zizi.

"Usiguse wale mitamba wawili," alisema hatimaye, akiiambia meza. "Yule wa kijivu ana mimba. Uza maksai mwekundu, yule wa pembe. Kazi ameshamaliza."

"Mimba?" mhasibu akashangaa. "Mbona mimi sikuona mimba?"

"Bado changa," mzee alisema.

Madam alivua miwani. "Mzee, umejuaje mimba changa ya ng'ombe wa mtu?"

"Nimewahi kufuga. Zamani."

"Zamani," Madam alisema. Alimwangalia mzee, akamwangalia mume wangu, halafu akaniangalia mimi, na nina hakika uso wangu ulikuwa unapiga kelele. Akavaa miwani. "Baba, nakuuliza mara ya mwisho, na ujue ukinijibu naweza kukusaidia. Huyo maksai ni wa nani?"

Lilikuwa limebaki neno moja. Kundi la nne lilikuwa pale mezani, limeiva, la kuchukua tu kwa mkono. Nilimfinya mume wangu pajani kwa kucha.

"Ni maksai wa zizini kwangu, Madam," alisema. "Nitampeleka mnadani, kama mzee alivyoshauri."

Madam hakuandika kitu. Alituambia mtoto aje siku ya kufungua shule, na godoro lake, na kwamba ada ikifika nafasi ni yake. Kisha akamwambia mzee wa duka abaki kidogo, wazungumze habari za gunia.

Nje nilimlipukia mume wangu, mbele ya mlinzi na mbele ya watoto wenye mafagio. Neno moja! Nilimwambia ni jiwe, ni mzigo, ni mwanamume wa bondeni. Alinisubiri nimalize.

"Ameruhusu auzwe," alisema. "Mimi sikusema."

Maksai aliuzwa mnadani na ada ikalipwa, kamili, ya kundi la kwanza. Nilimsindikiza binti yangu mpaka kwenye geti. Matroni alikuwa mkali kama nilivyoomba, alitugombeza kwa godoro kuwa pana, na nilitamani kumkumbatia. Siku ya wazazi walitukalisha viti vya mbele na kutupa soda kabla ya wengine, na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga akaniuliza tunafanya biashara gani. Nikamwambia mifugo. Gunia halikushuka tena kutoka kwenye pikapu.

Mzee alikuja kuchukua ng'ombe wake kabla ya masika. Hakuja kwa ugomvi. Walishaonekana, na mali iliyoonekana huhamishwa, ndivyo ilivyo. Alimshukuru mume wangu kwa muda mrefu, pembeni, kwa sauti ndogo, akamwachia ndama jike. Mimi nilikaa ndani nikihesabu waliobaki kwa macho tu. Zizi lilikuwa kubwa ghafla. Tuliuza maziwa kwa jirani zamani, sasa tukaanza kuyanunua kwake, yule yule wa pikipiki ya banda la kuku.

Mhasibu alirudi katikati ya mwaka kwa ukaguzi wa mwaka unaofuata, na viatu vingine. Alinyoosha kalamu, akamaliza mapema, akatuandika kundi la nne papo hapo bila kuuliza tumefanyaje. Kwangu ilikuwa sherehe, maana sasa tungeweza kumsomesha mpaka mwisho kwa kuku wangu na maharage yangu. Mume wangu alikuwa ameondoka asubuhi na mapema. Hakutaka kuwepo wakati wa kuandikwa.

Binti alikuja likizo yake ya kwanza wiki hiyo. Amenenepa, anaongea Kiingereza na mbwa. Alipitia zizini kwanza, kama alivyozoea tangu mdogo, akasimama pale na begi mgongoni. Baba yake alikuwa anatengeneza boriti za uzio uliokuwa hauna haja ya kutengenezwa. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, nasikia kila kitu.

"Baba, wengine wako wapi?"

"Wamehama."

Si mtoto mjinga. "Ni kwa sababu ya shule yangu?"

Nilingoja aseme kwamba mvua inakuja. Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi, nilijua majibu yake yote.

"Wale walikuwa wa watu," mume wangu alisema. "Wewe ndiye wangu."

Nililia pale pale jikoni, na sikuona haya. Kisha nikawapikia chai ya rangi, tukainywa wote.